Kabla ya Kuvuka Kwenda Takawiri, Ijaribu Flashi Mbita

Kubadilisha mfumo wa kompyuta kuukuu ni kazi ya saa moja mjini. Visiwani ni safari nzima ya boti, na hitilafu nyingi zinazoivuruga zingeweza kunaswa kabla nanga haijang'olewa.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo uliotoka mwaka wa 2015 na kuenea katika ofisi na nyumba kote duniani. Siku iliyofuata hakuna mashine iliyozimika. Windows 10 huwaka kama kawaida na kuchapisha barua kama kawaida. Kilichokatizwa ni masasisho ya bure ya usalama, na pengo la namna hiyo halionekani hadi siku mwizi wa mtandaoni anapolipitia.

Wenye kompyuta za kibinafsi walipewa nafasi ya kujiandikisha wapate masasisho kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo njia ni tatu: kununua mashine mpya, kupanda hadi Windows 11 ikiwa mashine inakubalika, au kuweka mfumo wa Linux usiolipiwa. Kwa shule na vituo vingi vya Kenya, ambavyo kompyuta zao ni za mtumba zilizoingia zikiitwa "Ex-UK", njia ya kwanza ni ghali. Ya pili ina masharti. Microsoft inataka kichakataji kilichomo kwenye orodha yake, chipu ya usalama ya TPM 2.0, kumbukumbu ya GB 4 na diski ya GB 64. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo huanzia kizazi cha 8 isipokuwa mashine chache. Kwa hiyo HP EliteBook 840 G3, yenye kizazi cha 6, haimo, ilhali 840 G5 nyingi zimo.

Iwe ni Windows 11 au ni Linux, kazi yenyewe kwa kawaida hupitia katika kifaa kimoja kidogo: flashi iliyotayarishwa ili kompyuta iweze kuwakia humo badala ya kuwakia kwenye diski yake ya ndani. Hapo ndipo Takawiri inapoingia.

Takawiri ni kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, jirani na kisiwa cha Mfangano, kinachosifika kwa ufuo wake wa mchanga mweupe na kuishi kwa uvuvi wa omena na mbuta. Anayekwenda huko hupanda boti Mbita, mji ulioko bara. Flashi ikigoma jijini Nairobi, fundi hushuka ngazi na kununua nyingine barabara ya Luthuli, au hupakua faili upya kwa mtandao wa ofisi. Ikigoma Takawiri hana duka la kukimbilia, na bando la kupakua faili la GB 6 kwa simu linaweza kumeza ujira wote wa siku. Hali ni hiyo hiyo katika visiwa vya Remba na Ringiti, na kusini zaidi katika Kaunti ya Migori kwa anayetoka Muhuru Bay kwenda Migingo.

Mazingira hayo yanadai nidhamu ambayo fundi wa mjini anaweza kuipuuza bila kuadhibiwa. Kati ya faili lililo mtandaoni na kompyuta iliyokwisha kuwekewa mfumo mpya kuna hatua kadhaa, na kila moja huharibika kwa namna yake. Anayezifuata kwa mpangilio, akiondoa shaka moja baada ya nyingine, huijua hatua iliyovunjika. Anayebahatisha hubadilisha mambo matatu kwa mpigo, kisha hata akifaulu hajui lipi lililomsaidia. Na hatua tatu za mwanzo, ambazo ndizo chanzo cha lawama nyingi zinazotupiwa kompyuta, hazihitaji kompyuta ya kisiwani hata kidogo. Mvuvi hukagua nyavu zake ufuoni, si katikati ya ziwa. Flashi nayo ikaguliwe bara.

Faili lenyewe

Mfumo wa kompyuta hupakuliwa kama faili moja kubwa la aina ya ISO. La Windows 11 linazidi GB 5, la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6, na la Linux Mint ni takribani GB 3. Kwa mtandao wa simu unaokatika na kurudi, faili la ukubwa huo linaweza kufika likiwa pungufu au limeharibika katikati, ilhali kivinjari kinatangaza kwamba kazi imekamilika. Likiandikwa kwenye flashi likiwa hivyo, kompyuta inaweza kuwaka vizuri, ikaonyesha nembo, ikasonga hadi asilimia fulani, kisha ikagoma kwa ujumbe wa faili lisilosomeka. Mwenye mashine atasema diski imekufa. Diski haina kosa.

Dawa yake ni alama ya SHA-256. Huo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutoka kwa faili zima; likibadilika kidogo tu, alama nzima inakuwa nyingine. Ubuntu, Debian na Linux Mint huchapisha alama za mafaili yao, na Microsoft huziweka kwenye ukurasa wa kupakulia ISO ya Windows 11. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, uandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux, amri ni sha256sum na jina la faili. Subiri dakika chache na ulinganishe. Zikilingana, faili halina shaka tena, na hutalirudia katika uchunguzi wako. Zisipolingana, usiendelee.

Kwa wenye mtandao dhaifu, torenti ni njia bora kuliko kivinjari, na mashirika ya Linux huitoa rasmi. Torenti hupakua faili kwa vipande, hukikagua kila kipande, hukitupa kilichoharibika na kukiomba upya, na mtandao ukirudi huendelea pale ilipoishia.

Alama hiyo ina kazi ya pili. Nakala za Windows zilizovunjwa kufuli huzunguka katika saiba nyingi zikipitishwa mkono kwa mkono, na hakuna anayejua aliyezivunja aliongeza nini ndani. Nakala hizo hazilingani na alama ya Microsoft. Isitoshe, mara nyingi hazihitajiki. Laptopu za kampuni kubwa zilizouzwa na Windows 8 au matoleo yaliyofuata huwa na ufunguo wa leseni uliohifadhiwa kwenye bodi ya mashine. Ukiweka toleo halisi la aina ileile, Windows huutambua ufunguo na kujiidhinisha yenyewe mtandao unapopatikana.

Flashi inayodanganya

Hatua ya pili ni flashi. Soko limejaa flashi zilizoandikwa GB 64, GB 128, hata TB 2, huku ndani mna GB 8 tu. Chipu inayoiendesha imebadilishwa ili iiambie kompyuta uongo. Kompyuta huandika hadi mwisho bila kulalamika. Vinavyozidi ukubwa halisi hupotea, au huandikwa juu ya vilivyotangulia. Dalili zake hufanana kabisa na za faili bovu, na ndiyo maana faili lilitangulia kupimwa.

Programu mbili zisizolipiwa huumbua udanganyifu huu. Kwenye Windows ni H2testw, iliyotokana na jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Kwenye Linux ni F3, yenye amri mbili, f3write na f3read. Zote hujaza flashi nzima kwa data zinazojulikana, kisha huisoma na kusema ni kiasi gani kilichorudi salama. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kwa flashi kubwa na ya polepole, basi ifanyike usiku, mara moja tu, siku flashi inaponunuliwa. Iliyofaulu itiwe alama ya kalamu. Iliyofeli irudishwe dukani kabla risiti haijapotea.

Hata flashi halali huchoka. Inayopata joto kali, inayojitenga na kujiunga wakati wa kuandikwa, au inayochukua saa nzima kwa kazi ambayo zamani ilikuwa ya dakika 15, haifai kuvushwa ziwa.

Kuandika si kunakili

Kosa linaloongoza kwa wanaoanza ni kulivuta faili la ISO na kulidondosha kwenye flashi kama wimbo. Kompyuta inapowaka haitafuti faili la ISO. Inatafuta sehemu ya kuanzia iliyopangwa kwa namna inayoielewa. Kwa hiyo inahitajika programu ya kulifungua faili na kulipanga kwenye flashi.

Kwenye Windows inayotumiwa sana ni Rufus, iliyotungwa na Pete Batard na kutoka mara ya kwanza mwaka wa 2011. Ni ndogo na haihitaji kusakinishwa. Etcher ni rahisi zaidi na hufanya kazi pia kwenye Linux na Mac, lakini inakili ISO jinsi ilivyo. Hilo linafaa kwa Linux, ambayo ISO zake nyingi zimetengenezwa kukubali njia hiyo. ISO ya Windows haikutengenezwa hivyo, na flashi ya Windows iliyoandikwa kwa Etcher kwa kawaida haitawaka. Wengi wameitupa flashi nzima kwa kosa hilo.

Ventoy, iliyotoka mwaka wa 2020, ilibadilisha kazi ya mafundi wanaotembea. Flashi huandaliwa kwa Ventoy mara moja, na baada ya hapo mafaili ya ISO hunakiliwa ndani yake kama kawaida. Kompyuta ikiwaka, orodha hutokea na fundi huchagua: Windows 11, Linux Mint, Debian, au programu ya kupima kumbukumbu. Anayevuka kwenda kisiwani bila kujua atakuta mashine za umri gani ana sababu kubwa ya kubeba flashi ya aina hiyo. Ana sababu vilevile ya kubeba ya pili iliyoandikwa kwa Rufus, kwa kuwa zipo mashine zinazoikataa Ventoy.

Onyo moja lisisahaulike. Programu hizi zote hufuta kila kilichomo kwenye kifaa ulichochagua. Chomoa diski za nje na flashi nyingine kabla ya kuanza, usome jina na ukubwa wa unachofuta, kisha ndipo ubonyeze.

Ikiisha kuandikwa, flashi ijaribiwe papo hapo kwenye kompyuta nyingine. Haihitaji kusakinisha chochote. Ubuntu na Mint huwaka zikiwa kwenye flashi bila kugusa diski, na Windows ikifika kwenye dirisha la kuchagua lugha, unaweza kuizima. Jaribio hilo la dakika tano lina thamani kubwa kuliko mengine yote, kwa kuwa linaigawa dunia ya matatizo mara mbili. Flashi iliyowasha kompyuta mbili Mbita ikigoma Takawiri, sasa una haki ya kuituhumu mashine.

Kompyuta haiioni flashi

Umefika, umechomeka, umewasha, na Windows ya zamani imefunguka kana kwamba hakuna kilichochomekwa. Mara nyingi ni suala la kitufe. HP hutaka Esc kisha F9. Dell na ThinkPad za Lenovo hutaka F12. Asus nyingi hutumia Esc. Acer hutumia F12, lakini katika baadhi yake orodha hiyo lazima iruhusiwe kwanza kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe, inayofunguliwa kwa F2. Kwenye laptopu nyingi vitufe vya F vimepewa kazi ya sauti na mwangaza, hivyo bonyeza pamoja na Fn.

Kizuizi cha pili ni Windows yenyewe. Tangu Windows 8, kuizima kwa njia ya kawaida huwa hakuizimi kikamilifu. Huhifadhi sehemu ya mfumo ili kesho iwake haraka, na katika haraka hiyo kompyuta inaweza kuruka hatua ya kutazama flashi. Chagua kuwasha upya badala ya kuzima, au ushikilie Shift unapobofya kuwasha upya. Orodha ya bluu itatokea ambamo unaweza kuchagua kuwakia kwenye kifaa cha USB.

Ikiwa bado, badilisha tundu. Kwenye kompyuta za mezani tumia matundu ya nyuma, yaliyoungana na bodi moja kwa moja, kuliko ya mbele yanayopitia waya. Usitumie kigawanyaji cha USB. Kwenye mashine kuukuu lijaribu tundu la USB 2.0 kabla ya lile la rangi ya buluu.

Kompyuta za mtumba zina balaa yake mahususi: nenosiri la BIOS lililoachwa na kampuni iliyokuwa ikizimiliki Ulaya. Bila nenosiri hilo huwezi kubadilisha mpangilio wa kuwaka wala kuzima Secure Boot, ulinzi utakaoelezwa hapa chini. Wengine hukutana na la ajabu zaidi. Wakiisha kuweka Windows upya na kuunganisha mtandao, kompyuta inawaambia waingie kwa akaunti ya kampuni wasiyoijua, kwa sababu bado imesajiliwa kwa kampuni hiyo kwenye seva za Microsoft. Hakuna flashi itakayoliponya hilo kikweli. Dawa ni kuingia BIOS na kuunganisha mtandao mbele ya muuzaji, kabla pesa hazijabadilisha mikono.

Inaiona, lakini inaikataa

Kompyuta zilizotengenezwa kabla ya mwaka wa 2011 hivi huwaka kwa mtindo wa BIOS wa zamani. Za baadaye hutumia UEFI, na nyingi za katikati hukubali yote mawili. Kila mtindo una mpangilio wake wa diski: BIOS hupendelea MBR, UEFI hupendelea GPT. Rufus huuliza swali hili, na anayebofya bila kusoma huandaa flashi inayowaka kwenye mashine moja na kugoma kwenye nyingine.

Matokeo yanayojulikana zaidi ni ujumbe wa Windows kwamba haiwezi kusakinishwa kwenye diski hiyo kwa kuwa ni ya GPT. Wengi huamua kufuta diski nzima, na data za shule zikaenda nayo. Diski iko sawa. Ni flashi iliyowaka kwa mtindo wa zamani. Zima, rudi kwenye orodha ya kuwaka, na ikiwa flashi imeorodheshwa mara mbili, chagua ile iliyotanguliwa na neno UEFI.

Kuna pia suala la mfumo wa faili. UEFI inahakikisha kusoma FAT, ila FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na ISO za Windows mara nyingi zina faili la install.wim linalozidi hapo. Anayefomati flashi kwa FAT32 na kunakili kwa mkono huishia kwenye ujumbe kwamba faili ni kubwa mno. Anayefomati kwa NTFS hupata flashi isiyoonekana kwenye mashine nyingi. Rufus huweka NTFS pamoja na kipande kidogo cha kuisaidia UEFI kuisoma, na programu ya Microsoft yenyewe ya kuandalia flashi hulibana faili hilo litoshe.

Secure Boot nayo ni mlinzi wa mlangoni. Huangalia kama kinachowaka kimetiwa saini inayotambulika. Ubuntu, Debian na Mint zina saini hiyo. Matoleo madogo ya Linux mengi hayana, na Ventoy hukuomba usajili ufunguo wake mara ya kwanza kwenye kila mashine. Mnamo Agosti 2024 sasisho moja la Windows liliwafungia nje watu wengi waliokuwa na Linux ya zamani kwenye mashine hiyohiyo, pamoja na flashi zao za zamani. Skrini ilitaja SBAT na ukiukaji wa sera ya usalama. Na kuanzia Juni 2026 vyeti vya mwaka wa 2011 vinavyotegemewa na Secure Boot vinaanza kuisha muda. Mashine hazitazimika siku hiyo, lakini funzo ni kwamba flashi iliyoandikwa miaka mitatu iliyopita isichukuliwe kuwa salama milele. Iandike upya kwa toleo la sasa.

Kabla ya kuzima Secure Boot, uliza kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya data ya Windows. Badiliko hilo linaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48, na asiye nao anaweza kuzipoteza data zake.

Mwisho kabisa, zipo mashine ambazo umri wake ndio tatizo. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha vichakataji vya biti 32. Ubuntu iliviacha miaka mingi nyuma. Windows 11 toleo la 24H2 nalo linahitaji maagizo ya kichakataji ambayo mashine za kabla ya mwaka wa 2008 hivi hazina. Hakuna ujanja unaolipita hilo.

Imegoma katikati

Kisakinishi kimewaka, lakini orodha ya diski ni tupu, au Windows inadai draiva ya kifaa cha kuhifadhia. Ujumbe huu hupotosha. Ikiwa faili na flashi vilipimwa Mbita, sababu inayobaki kwa laptopu za Intel kuanzia kizazi cha 11 ni kwamba Windows haina draiva ya kuiona diski. Pakua draiva ya Intel RST kutoka kwa tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, uifungue kwenye folda, uibebe kwenye flashi, na uielekeze Windows huko kwa kitufe cha Load driver. Hili nalo ni la kutayarishwa bara.

Kama hitilafu hutokea sehemu tofauti kila unaporudia, shuku kumbukumbu ya RAM. Kumbukumbu mbovu huharibu data zikiwa njiani na kuisingizia flashi. MemTest86 huwaka kutoka kwenye flashi na kuipima. Mara nyingine kuzichomoa kadi za RAM, kuzifuta vumbi na kuzirudisha kunatosha.

Stima na betri ya saa

Umeme wa visiwani hutegemea sana paneli za jua na jenereta, nazo zina saa zake. Stima ikikatika flashi inapoandikwa, ni hasara ya dakika chache. Ikikatika Windows inapofuta diski na kuweka mfumo mpya, kompyuta hubaki bila mfumo wowote. Laptopu iwe na betri inayoshika chaji kweli, na kazi ianze ikiwa imejaa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS isiguswe jioni, wakati jua limepungua na kila nyumba imewasha taa.

Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, CR2032, inayohifadhi saa na mipangilio ya BIOS umeme usipokuwapo. Kwenye mashine za mtumba mara nyingi imekufa. Dalili yake ni kwamba mpangilio wa kuwaka uliourekebisha jana umejirudisha leo, na tarehe imekwenda miaka ya nyuma. Tarehe ikiwa hivyo, tovuti salama hukataa kufunguka na masasisho hugoma, na fundi huanza kuulaumu mtandao. Betri hiyo ni ya bei nafuu na inastahili kuwa mfukoni mwa kila anayevuka.

Baada ya mfumo kuingia

Windows 11 inapomaliza kusakinishwa hudai mtandao na akaunti ya Microsoft kabla ya kuonyesha eneo-kazi. Mahali pasipo na mtandao, kazi iliyokwenda vizuri hukwama hapo. Rufus inaweza kuliondoa sharti hilo wakati wa kuandika flashi. Inaweza pia kuliondoa sharti la TPM kwa mashine za zamani, ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na mwenye nayo aelezwe hivyo kabla hajakubali.

Wi-Fi ikikosa draiva baada ya usakinishaji, simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB na kuwekwa kushiriki mtandao aghalabu hutambuliwa na Windows na Linux bila draiva ya ziada. Waya huo una thamani ya safari nzima.

Flashi nayo ikirudi bara inaweza kuonekana imepungua, GB 32 zikawa MB chache. Haijafa. Windows inaonyesha kipande kimoja tu kati ya vilivyoundwa. Programu ya diskpart yenye amri ya clean huvifuta vipande hivyo ili flashi ifomatiwe upya, ilimradi uchague diski iliyo sahihi, maana amri hiyo haiulizi mara mbili.

Kinachoweza kufanywa na vituo

Eneo hili si geni kwa kompyuta zinazofanya kazi mbali na mji. Kule Mfangano kituo cha Ekialo Kiona kilijipatia jina kwa mpango uliowapa wanachama kompyuta na intaneti zinazoendeshwa kwa kawi ya jua, kwa sharti la kupima virusi vya Ukimwi kila baada ya miezi 6. Tangu mwaka wa 2002 shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likizipa shule kompyuta zilizotumika na kukarabatiwa. Serikali nayo imepanga vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi ya nchi.

Mipango ya aina hii huhesabu mashine na kasi ya mtandao. Haihesabu kitu kidogo ambacho kingewafaa mafundi wa ziwani mara moja: diski moja katika kituo cha Mbita na nyingine Mfangano, yenye mafaili ya ISO ya mifumo inayotumika, alama zake zikiwa zimekaguliwa, draiva za laptopu zinazopatikana sana, na kompyuta moja ya kujaribia flashi. Faili la GB 6 lingepakuliwa mara moja kwa eneo zima badala ya kila fundi kulipakua kwa bando lake. Gharama yake haifikii bei ya laptopu moja ya mtumba, na kazi ya kuisasisha ni ya siku moja kila miezi michache.

Hadi hapo vituo vitakapolifanya hilo, jukumu ni la anayelipa. Mwalimu mkuu au msimamizi wa zahanati anayetoa nauli ya boti hahitaji kujua maana ya GPT. Anahitaji kumuuliza fundi maswali mawili kwa simu kabla hajapanda: alama ya faili imelingana? Na flashi hiyo imeshawasha kompyuta gani nyingine? Asiye na majibu abaki Mbita hadi ayapate.